Gunia la Pamba Kitandani

Watoto wote wawili walikufa wakikimbia, na wote wawili, kabla ya kuanguka, walisema neno lilelile: "Mkono wa mtu umenishika kifuani."

Inspekta Antoni alikuwa amelisikia neno hilo kwa kila aliyemhoji kijijini Igombwe. Asubuhi ile ya Novemba, mwaka ule mvua za El Niño ziliponyesha kana kwamba zina kisasi na watu, alilisikia tena. Safari hii lilitoka kwa daktari, katika zahanati ya binafsi ghorofani, Nyamagana.

"Minza naye aliniambia hivyohivyo," alisema Daktari Kunal. "Alikaa kwenye kiti hichohicho ulichokalia."

Antoni akajisogeza mbele kidogo. Hakuwa mtu wa kuamini mizimu, lakini marehemu ni marehemu.

Kunal alikuwa kijana wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza, aliyesomea magonjwa ya moyo Uingereza akarudi nyumbani wakati kila mwenye shahada anatafuta njia ya kutoka. Siku Bernadeta alipomleta bintiye Minza kutoka Magu, daktari huyu alitoa damu ya mtoto na ya mama, akaagiza baba naye aje, kisha akazituma zote kwa mwalimu wake ng'ambo zikapimwe vinasaba. Majibu yalichukua miezi. Minza hakuyangoja.

"Jana walinipigia simu," Kunal alisema. "Hakuna sumu, Inspekta. Hakuna uchawi. Ni mafuta."

"Mafuta gani? Watoto wanaokula ugali na mlenda?"

"Haya mwili unajitengenezea wenyewe. Tunayaita kolesteroli. Ini lina vijilango vya kuyapokea kutoka kwenye damu. Ramani ya kujenga vijilango hivyo mtoto anairithi mara mbili, moja kwa baba, moja kwa mama. Akirithi moja mbovu, anaishi, ila akifika makamo moyo unaanza kulalamika. Akirithi mbovu zote mbili, damu yake inajaa mafuta tangu akiwa tumboni. Yanaganda viwikoni, kwenye vifundo vya vidole, visiginoni. Vile vinundu vya manjano mlivyoviona. Na yanaganda kwenye mishipa ya moyo. Siku akikimbia, moyo unadai damu na njia imeziba. Huo ndio mkono wenyewe."

"Kwa hiyo baba na mama wote wanayo ramani mbovu?"

"Wote wawili. Na ubovu wao ni uleule, mahali palepale. Hilo ndilo lililonishangaza. Mama ni mtu wa Isozu, kisiwani. Kisiwa kidogo, watu wameoana wao kwa wao tangu enzi, jambo kama hili linaweza kuzunguka humo. Lakini baba?"

"Ngosha? Yule ni Msukuma wa Magu, babu na babu wa babu."

"Basi kuna babu mmoja aliyevuka maji." Kunal akacheka. "Maana huyo baba hata kipimo hakuhitaji. Nilimwona miguu. Mshipa wa nyuma ya kisigino mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Na duara jeupe kuzunguka mboni ya jicho. Mtu mpole sana. Alipoona sindano alifumba macho, lakini mkono hakuuvuta."

Antoni aliyaweka maneno hayo akilini. Macho yaliyokuwa yakimnyima usingizi yeye yalikuwa mengine: macho ya Bibi Mhoja, mama yake Ngosha, mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe anayopikia tangu ujana wake. Usukuma yote inajua moshi huo unafanya nini machoni, na bado Usukuma yote, msiba ukiingia, inasahau na kuona uchawi. Alikufa mjukuu wa kwanza, Lutema, watu wakanong'ona. Akafa Minza, wakasema waziwazi. Kisha usiku mmoja, wiki mbili zilizopita, mtu akaingia na panga chumbani kwa bibi akakata kila kilichokuwa kitandani. Bibi alipona, na tangu siku hiyo alihifadhiwa kwenye kituo cha polisi Magu kwa usalama wake.

Lakini mkuu wa kituo alikwisha kusema: leo anarudishwa. Mchana huohuo kijiji kingekaa dagashida, ule mkutano mkubwa ambao Wasukuma wakiuitisha hata mwenye homa anabebwa. Kama Antoni angefika pale bila jibu la kueleweka, bibi angetangazwa mchawi, na kilicholishinda panga la kwanza kisingelishinda la pili.

"Nyumbani kuna mtoto wa mwisho, sivyo?" Kunal aliuliza.

"Kashinje. Ana miaka tisa."

"Ana vinundu?"

"Viwikoni."

Kunal akafungua kabati akaanza kutoa vidonge. "Nakuja mwenyewe mchana huu. Vipo vidonge vipya. Haviponyi, lakini vinasaidia kidogo, na kidogo si haba. Mwambieni baba yake mtoto asikimbie mpaka nifike. Na mimi nitamweleza vizuri mwenyewe, tunafahamiana."

Barabara ya Magu ilikuwa tope tupu. Sajini Kija, mama wa Kisukuma mwenye mikono ya kulimia na ulimi usiolala, aliikamata Land Rover kama anashikana mieleka na fahali. Bibi Mhoja, waliyemchukua kituoni, alikaa nyuma amejifunika kaniki. Kushoto kwao ziwa lilikuwa limetoweka. Magugu maji yalikuwa yamefunika ghuba yote, kijani kimetulia kimya, na juu yake wadudu wa ziwa walipanda angani kwa nguzo nyeusi, moshi mtupu wa nyumba inayoungua, ila chini yake hapakuwa na nyumba.

"Afande, saa hizi wenzako Bukoba wanakaanga senene," Kija alisema, "na wewe uko hapa unakula tope la Usukuma. Mhaya na shida wapi na wapi!"

"Tazama barabara, Sajini."

Antoni aligeuka nyuma. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Hilo tu. Tangu aletwe kituoni bibi hakuwahi kujibu swali zaidi ya salamu. Antoni alimtazama miguu. Ilikuwa peku, imepasukapasuka kama shamba la Agosti, lakini mshipa wa kisigino ulikuwa mwembamba.

"Bibi, kwenu ni wapi asili?"

"Hapahapa Magu."

"Na marehemu mzee?"

"Hapahapa."

"Hakuna mtu wa kisiwani katika ukoo wenu? Hata wa zamani?"

Bibi akayainua yale macho mekundu, akamwangalia kwa mara ya kwanza. "Ukoo wetu unaogopa maji," alisema, akajifunika tena.

Chumba cha bibi kilikuwa kimeachwa vilevile. Loo, mtu hajui pamba ni nyingi kiasi gani mpaka aione imetoka guniani! Ilikuwa sakafuni, imening'inia kwenye utando wa buibui, imejibandika kwenye nyasi za paa, na mlango ulipofunguliwa yote ilinyanyuka kidogo kwa pamoja, kana kwamba chumba kimevuta pumzi. Kitandani lilikuwapo gunia lililochanwachanwa, na blanketi la bibi limekatwa katikati, pale shingo ingekuwa.

Mayala, kamanda wa sungusungu, alisimama kizingitini. Hakutaka kuingia.

"Wewe umesema hadharani kwamba Bibi Mhoja ni mchawi," Antoni alianza.

"Nimesema, afande. Na leo nitasema tena."

"Usiku wa panga ulikuwa wapi?"

"Lindoni."

"Lindo gani lisilomwona mtu na panga?"

Mayala akavimba. "Mimi nikiwa na neno na mtu simfuati usingizini. Namwita mbele ya watu."

Antoni alikuwa amemshuku mtu huyu tangu siku ya kwanza, na kusema kweli alikuwa ameipenda shuku hiyo, ilimkaa vizuri. Akapiga gunia kwa kidole. "Hii pamba ilifikaje kitandani?"

"Niliipandisha mimi."

"Wewe?"

"Hilo ni gunia la mwisho la Ngosha. Aligoma kuliuza, anangoja hawa wanunuzi binafsi wapandishe bei. Sasa mchana ule paa likavuja. Bibi akahamia jikoni na mkeka wake. Mimi napita, akaniita: mwanangu, nisaidie pamba isilowe. Nikaipandisha kitandani, pale pakavu. Akaifunika kwa blanketi lake."

"Mchawi anakuomba umbebee gunia, nawe unabeba?"

"Aa, afande! Mchawi ndiye hasa usimkatalie."

Kija akageuza uso ukutani mabega yakimtikisika. Lakini Antoni hakucheka. Shuku yake nzuri ilikuwa imekufa pale pale. Mtu aliyelibeba gunia kwa mikono yake akaliona likifunikwa, hawezi kulikatakata usiku akidhani ni bibi kizee.

"Mchana ule nani mwingine alikuwa hapa?"

"Ngosha alikuwa juu ya paa anaziba. Bernadeta na Kashinje walimsaidia bibi kuhamisha vyombo."

"Na nani wa boma hili hakuwepo?"

Mayala akafikiri. "Ng'ombe tu."

"Ng'ombe hawajichungi."

"Ah, Chenge! Yule mchungaji. Alirudi giza limeingia, akapewa chakula chake mlangoni, akaenda kulala zizini." Kisha Mayala akaongeza taratibu, "Lakini Chenge ni mtu mpole sana."

Maneno mawili yale, mpole sana, Antoni alikuwa ameyasikia asubuhi ileile. Hakukumbuka mara moja aliyasikia wapi.

Ngosha alitoka majarubani kwenye mpunga amevaa mabuti ya mpira, mtu mfupi mwenye kifua kipana na uso uliochoka kuzika. Alimwamkia mama yake ndani ya gari, akamshika mikono muda mrefu, kisha akaja kuketi barazani mbele ya Inspekta. Akayavua mabuti ayamwage maji.

Antoni akatazama visigino. Vilikuwa vyembamba, safi, vya mtu yeyote. Akatazama macho: meusi, meupe, bila duara lolote.

"Daktari anakusalimu," Antoni alisema polepole. "Anasema ulifumba macho alipokuchoma sindano."

"Nani, mimi?" Ngosha akashangaa kweli. "Mimi sijachomwa sindano tangu nilipokuwa mgambo."

"Hukwenda Mwanza kutoa damu?"

"Damu yangu ilikwenda. Nilimtuma Chenge." Alisema hivyo bila aibu wala wasiwasi, kama mtu anayeeleza kwamba ameanika mahindi. "Mimi nilikuwa na mpunga, afande. Kwani kwa mfumu, yule mganga wa kutazama kwa kuku, mgonjwa huenda mwenyewe? Unamtemea kifaranga mate mdomoni, anampeleka yeyote, na mfumu akimpasua anakuona wewe, hamwoni aliyembeba. Nami nikamtemea Chenge kiganjani. Nikamwambia, ukifika sema wewe ni Ngosha. Basi damu aliyotoa ni yangu."

Mvua ilikuwa imetulia ikawa manyunyu. Kija alikohoa, akatazama kwingine.

"Ni nani aliyesema atumwe Chenge?" Antoni aliuliza.

"Mama watoto. Mimi nilitaka nimtume Mayala, ana baiskeli. Bernadeta akapiga magoti mbele yangu akilia: mtume Chenge, nakuomba, mtume Chenge. Mwanamke ana mtoto mgonjwa, utambishia? Nikakubali."

Antoni aliona wazi kilichotendeka, na hakukipenda. Mama alijua daktari anahitaji damu ya nani. Hakuweza kulitamka, basi akapiga magoti ili kweli ifike mjini ikiwa imevaa jina la mumewe.

"Sasa majibu yanasemaje?" Ngosha aliuliza.

"Yanasema ni ugonjwa wa kurithi. Hakuna mtu aliyewaroga. Unatoka kwa mama na..." Antoni alisita. "Na kwa baba."

Ngosha akasimama peku, buti moja mkononi. "Kumbe ni mimi," alisema. "Nimewaua mimi kwa damu yangu." Machozi yakamtoka, na papo hapo uso wote ukamfunguka. "Basi si mama! Umesikia, Sajini? Si mama! Leo nitasimama mbele yao wote niseme!"

Akaenda mbio garini kumwambia bibi.

Ng'ombe walitokea kwenye manyunyu bila sauti, mmoja baada ya mwingine, kengele zao zimejaa tope. Nyuma yao alikuja mtu mrefu amembeba mtoto wa kike mgongoni. Alivaa katambuga za matairi, na alipopita mbele ya baraza Antoni aliiona mishipa ya visigino vyake, minene, imetuna, kama kuna kitu kimeingia chini ya ngozi kikalala.

"Chenge," Antoni aliita.

Mtu akageuka. Kuzunguka mboni za macho yake kulikuwa na duara jeupe. Juu ya bega lake Kashinje naye aligeuka, na yalikuwa macho yaleyale, mapya na madogo, yenye duara lilelile, yakimtazama Antoni kutoka sehemu mbili.

"Kwa nini unambeba?"

"Akikimbia anashikwa, afande."

"Minza ananiita nikachote naye maji," Kashinje alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Anaita kila nikilala. Chenge ananibeba nisiende."

Kija alisema neno moja la Kisukuma chini chini, la kujikinga.

"Wewe ni mtu wa Isozu?" Antoni alimwuliza Chenge.

"Ndiyo."

"Mvuvi, wameniambia. Ukaacha nyavu ukavuka kuja kuchunga ng'ombe wa watu, mwaka mmoja baada ya Bernadeta kuolewa huku."

"Maji yalinichosha."

"Ulijua kwamba bibi alikuwa amehamia jikoni?"

"Nilijua asubuhi yake," alisema, "nilipoiona pamba." Kisha akamtua mtoto barazani kwa uangalifu mkubwa, akamfuta tope la mguu kwa kiganja, akaenda kufunga zizi.

"Nimfuate?" Kija alinong'ona.

"Kaa karibu naye. Tukimtia pingu sasa, mkutano utauliza kisa, na kisa chenyewe..." Hakumalizia. Akaenda garini.

Bibi Mhoja alikuwa peke yake. Antoni aliketi kando yake na kufunga mlango. Kioo kilikuwa kimejaa ukungu, dunia ya nje haikuonekana.

"Bibi, umejua tangu lini?"

Bibi akatoa mkono ndani ya kaniki akautazama.

"Minza nilimwosha mimi. Nilikishika kisigino chake kwa mkono huu, na mkono ukakumbuka kisigino kingine kinene kama hicho. Jioni ile Chenge akatuletea maji ya msibani. Nikamtazama miguu. Naye akaniona nikimtazama."

"Akaja na panga."

"Mtu mwenye hofu huja na alichonacho."

"Na wewe ukanyamaza! Wanakuita mchawi, wanataka kukuua, na jina la aliyetaka kukukata unalo mdomoni!"

"Niseme nini, mwanangu? Niseme wale si wa Ngosha? Amezika wawili. Nimpe na hao wawili tena, awazike upya?" Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Na Kashinje atalala kwa nani? Bernadeta watampiga mawe. Mimi nimekula chumvi nyingi. Mtoto yule hajala hata kiganja. Umemsikia Ngosha? Anasema damu ni yake. Mwache aseme. Akisema yeye, mwanangu wa kuzaa, watamwamini."

Antoni alikuwa polisi miaka mingi, na sheria aliijua. "Mtu amejaribu kukuua, bibi. Hilo siwezi kulifukia."

"Mchukue. Nani amekukataza? Mchukue kwa ajili ya panga. Usimchukue kwa ajili ya watoto."

Basi Antoni akapima. Panga peke yake lingetosha kumpeleka Chenge mahabusu: hakuwepo mchana, hakujua kuhusu gunia, amekiri hivyo kwa kinywa chake. Mkutano usikie ugonjwa wa damu, bibi arudi kitandani kwake, na mengine yatasemwa mahakamani huko Mwanza, mbali na masikio ya Igombwe. Ilikuwa nusu ya kweli, lakini ilitosha kumwacha bibi kizee hai. "Sawa, bibi," alisema.

Bibi akamshika mkono. Na hapo tu, mkono wake ukiwa bado ndani ya ule mkono mkavu, Antoni akakumbuka maneno ya daktari: mtu mpole sana. Nitamweleza vizuri mwenyewe, tunafahamiana.

Alifungua mlango kwa kishindo. "Sajini! Daktari anakuja! Chukua gari, mzuie barabarani, asifike hapa kwa namna yoyote! Chenge niachie mimi."

Kija hakuuliza. Bibi alishushwa, na Land Rover ikaondoka ikirusha tope hadi kwenye kuta.

Dagashida ilikaa ndani ya ghala la ushirika, lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi waingie. Mvua ilirudi ikayapiga mabati mpaka watu wakawa wanaonana midomo tu. Humo ndani mlikuwa na giza la mchana, na harufu ya pamba ya miaka iliyopita. Bibi Mhoja aliketishwa katikati, peke yake sakafuni. Wanawake walivuta nguo zao zisimguse. Bernadeta alisimama ukutani, mwembamba, mikono kifuani, hamtazami mtu. Nyuma kabisa alisimama Chenge, Kashinje mgongoni. Antoni alijipanga hatua chache kutoka kwake.

Mayala alianza, akataja vifo, akataja macho mekundu. Ndipo Ngosha akasimama.

"Jamani," alisema, na mvua ikawa kama imempisha. "Mama yangu mnamwonea. Damu yangu imekwenda Mwanza, imevuka bahari, imepimwa na wazungu. Ugonjwa unatoka kwangu na kwa mke wangu. Afande ni shahidi. Lutema na Minza wamekufa kwa sababu mimi ndimi niliyewazaa. Kama mnataka wa kumlaumu, nilaumuni mimi."

Mzee mmoja akamtazama Antoni. Antoni akaitikia kwa kichwa, mara moja, na hakujisikia vizuri.

Mayala alishusha rungu lake chini. "Baba akisema hivyo kwa watoto wake mwenyewe, mimi ni nani?" alisema. "Neno langu nalirudisha. Bibi, nisamehe."

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wa pili akapokea. Mtu akamsogezea bibi kigoda. Ngosha akapiga magoti akamkumbatia mama yake, na yule bibi, ambaye hakulia alipokatiwa blanketi lake, sasa alilia waziwazi.

Katikati ya vigelegele Antoni akasikia mlio wa gari. Haukuwa wa Land Rover.

Baadaye Kija angemweleza kwamba daraja la barabara kuu lilikuwa limefurikiwa, na daktari, kwa kuwa ni mtoto wa Mwanza anayezijua njia, alikuwa amezunguka kwa njia ya ziwani. Lakini wakati ule Antoni aliona tu mwavuli mweusi ukikunjwa mlangoni, na Daktari Kunal akiingia na begi lake la dawa, miwani imejaa ukungu. Antoni akasukuma watu kumfikia. Ghala lilikuwa limejaa, na watu, kwa heshima ya mgeni, walikuwa wakimfungulia daktari njia na kuifunga nyuma yake.

"Daktari!" aliita. Mabati yakaimeza sauti.

Ngosha, aliyejua kwamba huyu ndiye mganga aliyeisoma damu yake, alikuwa amesimama katikati ameshanyoosha mikono yote miwili, uso umelowa furaha. Kunal akamwinamia kwa adabu, kama mtu anavyomwinamia asiyemjua, akampita. Akaenda moja kwa moja hadi nyuma, kwa mtu mrefu aliyembeba mtoto. Akamshika mkono.

"Mzee Ngosha," alisema, na wakati huo mvua, mwanaharamu yule, ilikuwa imepungua. "Pole sana kwa Minza. Huyu mdogo amefanana na wewe mpaka macho."

Kigelegele cha mwisho kilikatika nusu. Chenge hakuuvuta mkono wake. Alifumba macho.

Mayala alikuwa wa kwanza kutazama chini, miguuni kwa Chenge. Wa pili alitazama aliyekuwa jirani yake. Kisha ghala zima likawa linatazama zile katambuga na mishipa minene juu yake, kama ya Lutema na Minza, na kutoka hapo, polepole, vichwa vikageukia mabuti ya Ngosha. Bernadeta aliteleza kwenye ukuta mpaka akakaa chini. Bibi Mhoja alijivutia kaniki usoni.

Ngosha alikaa sakafuni, penye maji yaliyovuja, akashika buti la kulia kwa mikono miwili, akaanza kulivua.

"Baba," Kashinje alimwita kutoka mgongoni kwa Chenge. "Baba, utalowa miguu."